Kupima chumvi za damu Mwanakwerekwe, Unguja: kijana hodari, foleni balaa

Bi mkubwa wangu anameza dawa ya presha, ile ya kukojosha. Karibuni miguu ikawa inamkaza usiku mpaka analia. Daktari akashuku potasiamu, moja ya chumvi za damu, imeshuka, maana dawa ile huitoa kwa mkojo, akatuandikia kipimo.

Tukaenda maabara moja ya mtaani. Tumefika saa mbili asubuhi, tumeingia saa nne na nusu, viti vitatu watu ishirini. Hapo sina la kusifu.

Ila yule kijana wa kutoa damu! "Bi mkubwa, usikunje ngumi, achia kiganja." Mpira wa kubana mkono kaufungua mapema. Kumbe kukunja ngumi mara kwa mara hupandisha potasiamu ya uongo. Nusu saa baadaye akatuita tena: maji ya damu yametoka mekundu, chembe za damu zimepasuka na kumwaga potasiamu yake, kwa hiyo jibu lingedanganya. Akatoa nyengine, bila kutudai hata senti. Wangapi wangenyamaza?

Jibu: sodiamu 138, sawa. Potasiamu 2.9, na ya kawaida ni 3.5 hadi 5. Karatasi imeandika kiwango cha kawaida pembeni, hata mimi niliisoma.

Daktari kabadilisha dawa, kaongeza vidonge vya potasiamu. Madafu, yenye potasiamu nayo, kamruhusu kwa kuwa figo zake nzima. Mwenye figo mbovu asijaribu bila kuuliza.

Nitarudi, lakini na kigoda changu.