Kupiga marufuku mifuko au kutenganisha taka nyumbani?

Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Ukali huo ulisaidia. Lakini kilichosaidia zaidi, naona mimi, ni kwamba utekelezaji ulibana zaidi viwanda na maduka kuliko mwananchi mmoja mmoja. Supamaketi zilipoacha kutoa mifuko, tukazoea kubeba vikapu tutake tusitake. Haijazuia kila kitu. Kwa mama mboga wa Kayole bado unaweza kuona sukuma wiki iliyokatwakatwa ikifungwa kwenye kimfuko chembamba kilichoingizwa kimagendo.

Kutenganisha taka ni kazi nyingine kabisa. Sheria ya mwaka 2022 inataka zinazooza zikae mbali na zisizooza. Kinadharia kutenganisha kuna faida kubwa kuliko marufuku, maana sehemu kubwa ya taka za Nairobi ni maganda, mabaki ya ugali, majani ya kabichi: vitu vya kutengenezea mboji. Shida ni lori. Unatenga ndoo mbili kwa wiki nzima, kisha anayezoa anazimwaga pamoja na zote zinaishia kwenye jalala la Dandora. Nani ataendelea?

Kwangu marufuku imeshinda hadi sasa, kwa sababu haikutegemea hiari ya mtu. Kaunti ikileta siku tofauti za kuzoa kila aina, nitabadili kura.