Shamba la kondoo nje ya mji wa Hawker, ukitoka Nullarbor lala hapa

Wadau mlioko Australia mnaopenda safari ndefu za gari, hii ni yenu. Juni tulitoka Perth kwenda milima ya Flinders Ranges, Australia Kusini, mimi, mke wangu na watoto 2, tukakatiza nyika tambarare ya Nullarbor, kuna kipande kati ya Balladonia na Caiguna kimenyooka kilometa 146 hakuna kona hata moja, unaendesha mpaka macho yanauma. Usiku mmoja tulilala moteli ya njiani, chumba kinanuka sigara, mapokezi hata salamu hakuna, mke wangu akasema bora tulale kwenye gari.

Ndo nikapiga simu kwenye hii stesheni, maana kule shamba kubwa la mifugo wanaliita hivyo. Mama mwenye shamba hakuanza na habari za hela, kauliza watoto wangapi, mtafika saa ngapi, akasema jitahidini muingie kabla jua halijazama kwa sababu jioni kangaruu wanakatiza sana barabarani, mkiona mmechelewa laleni Port Augusta, mje kesho, sitawadai kitu. Aisee roho ikatulia pale pale.

Tulifika saa kumi, tukapewa nyumba ya zamani ya wakata manyoya, kuta za mabati, vitanda vya chuma, jiko la kuni tumelikuta linawaka na sufuria ya nyama ya kondoo juu yake. Nikamwambia mama sisi Waislamu, nyama hiyo hatutaweza, wala hakuuliza maswali, kaitoa, kaosha kikaango kingine, akarudi na mayai na viazi akatupikia hapo hapo. Mke wangu machozi yalimlenga. Asubuhi watoto wakamnywesha maziwa kwa chupa mwanakondoo aliyefiwa na mama yake, kuwatoa pale ilikuwa kazi.

Choo kiko nje na usiku baridi kali, mtandao hakuna, maji ya kuoga ya kisima yana chumvi, ya kunywa ni ya mvua kwenye tenki. Shuka beba zako. Geti ukilikuta limefungwa, ukishapita lifunge, ukilikuta wazi liache wazi, hapo hawana mchezo. Na matunda yamalizeni kabla ya mji wa Ceduna, pale wanakagua matunda kwenye magari yanayotoka magharibi.

Tulilipa dola 110 familia nzima. Tulipofika Adelaide nikamtumia meseji kumshukuru, akajibu akiuliza kikohozi cha mdogo kimepona?