Jaji anayejizuia na jaji mwanaharakati: nani ni nani Marekani?

Wengi wamezoea kusema kwamba jaji mhafidhina hujizuia na mliberali ndiye mwanaharakati. Historia ya Mahakama ya Juu ya Marekani inakataa.

Anayejizuia huliachia bunge uamuzi wa sera, hata kama sheria yenyewe haimpendezi. Mwanaharakati huiona katiba kuwa ngao ya mnyonge, naye yuko tayari kufuta sheria inayomkandamiza. Mwaka 1954 majaji wote 9 walipiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Wangejizuia, watoto weusi wangesubiri hadi lini?

Lakini mwaka 1905 wahafidhina ndio waliofuta sheria ya New York iliyowawekea waoka mikate kikomo cha saa 60 za kazi kwa wiki. Mwaka 2013, kwa kura 5 dhidi ya 4, wahafidhina tena wakabatilisha kifungu muhimu cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 iliyowalinda wapiga kura weusi dhidi ya ubaguzi, sheria ambayo Seneti iliiongezea muda mwaka 2006 kwa kura 98 bila hata moja ya kuipinga. Kwangu huo ni uanaharakati mtupu, na uliniuma.

John Roberts, jaji mkuu mhafidhina aliyeandika hukumu hiyo ya 2013, mwaka 2012 alikuwa ameungana na waliberali 4 kuiokoa sheria ya bima ya afya ya Obama. Na mwaka 2015, ndoa za jinsia moja zilipohalalishwa, alipinga akisema suala hilo waachiwe wapiga kura.