Entebbe pazuri, ila abiria mwenzetu kaniharibia siku

Nina hasira bado, mnivumilie. Kituo cha Elimu ya Wanyamapori pale Entebbe, Uganda, nendeni. Ila msiende na basi la kukodi kama sisi.

Tulitoka Bukoba likizo ya shule, tukavukia Mutukula alfajiri. Mahali penyewe sina neno: miti mikubwa, Ziwa Viktoria hilo hapo, na vifaru weupe walioletwa kutoka Kenya mwaka 2001, baada ya majangili kuwamaliza wote wa porini Uganda. Wanangu walitulia wakisikiliza, jambo ambalo nyumbani silioni.

Tukafika kwa sokwe. Wamewekwa kwenye kisiwa, maana sokwe haogelei. Kijana aliyekuwa anatutembeza akaeleza kwamba wengi wameokolewa kwa wafanya magendo, na kwamba ili kumpata mtoto wa sokwe, lazima mama auawe kwanza, kwa sababu hamwachii. Hajamaliza kusema, jamaa mmoja wa msafara wetu, mtu mzima, akarusha chupa ya soda iliyobaki nusu. Sokwe akaidaka, akazungusha kifuniko polepole kwa vidole, akanywa, kisha akaanza kuitafuna ile plastiki. Na watu wakapiga makofi!

Nikamwambia, "Kaka, tafadhali, si tumeelezwa sasa hivi?" Akanigeukia: "Dada, kiingilio nimelipa mwenyewe. Usinipangie."

Kiswahili cha kwetu kabisa, mbele ya wenyeji. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mafua yetu ya kawaida yanaweza kumuua sokwe, sembuse chupa iliyotoka mdomoni mwa mtu! Ikabidi yule kijana amwite mwenzake, wakambembeleza mnyama kwa ndizi mpaka akaiachia.

Usiku ule niliapa nitawaambia watu wasiende kabisa, wanyama wapumzike na sisi. Lakini binti yangu hadi leo anasimulia lile dege la kijivu lenye mdomo kama kiatu: alivyoliinamia kichwa, nalo likamwinamia, ndipo likakubali asogee. Mtoto gani atafundishwa hivyo darasani? Kwa hiyo naifuta ile kauli. Nendeni, tena katikati ya wiki, na gari la familia.

Yule kaka lakini, nikimkuta kwenye basi tena, nashuka, hata kama nimeshalipa nauli.