Apu ya Biblia ya YouVersion: mi naipendea ile sehemu ya maombi

Watu wengi hii apu wanaijua kwa ile aya ya siku tu, asubuhi simu inalia, unasoma mstari mmoja, unasema amina, unaendelea na mambo yako. Sio vibaya. Ila mi nataka niongelee vitu vingine vilivyomo humo ndani ambavyo vimenisaidia kweli kwenye imani ya kila siku, hasa kwenye kushukuru, maana kuomba wote tunajua, kushukuru ndo tunasahaugi.

Kwanza ni ya bure. Na si ile bure ya kukuonjesha halafu baadae inakudai hela, hapana, bure kabisa, na haina matangazo, yaani huwezi ukawa katikati ya Zaburi likakurukia tangazo la kubeti. Imetolewa na kanisa moja la Marekani linaitwa Life.Church tangu 2008 na inategemea watu wanaotoa. Hiyo peke yake huwa inanigusa sana, kwamba kuna mtu mahali, humjui hakujui, katoa chake ili wewe usome Neno bure, na ukifungua apu jina lake hulioni popote. Ndo ile ya Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue wa kulia unafanya nini.

Sasa hiyo sehemu ya maombi. Unaandika ombi lako linakaa kwenye orodha, ukitaka unashea na marafiki zako wa humo kwenye apu, usipotaka linabaki kati yako na Mungu. Siku likijibiwa unaliwekea alama kwamba limejibiwa. Kitu kidogo sana lakini aisee. Juzi napitia ya nyuma nakutana na ombi nililoandika usiku, "Bwana, mdogo wangu apate kazi hata ya muda". Na huyo mdogo wangu sasa hivi anaenda kazini kila siku, akirudi anamlalamikia bosi wake, nyumbani tumeshazoea kabisa, hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka tulivyokuwa tunalia pale. Niliweka simu pembeni nikapiga magoti. Kile kijiorodha kimenifanyia kitu ambacho kichwa changu hakiwezi, kinatunza kumbukumbu ya fadhili za Mungu kwa maneno yangu mwenyewe.

Ndo maana wale wakoma kumi wa Luka 17 nawaelewa vizuri siku hizi. Wote kumi walipaza sauti wahurumiwe, wote wakatakasika, akarudi mmoja tu, tena Msamaria. Tisa hawakuwa hawajui kuomba.

Na hapa niseme kuhusu aya ya siku, usiishie kwenye ile picha nzuri yenye mstari mmoja, bonyeza ufungue sura yote. Hiyo hiyo Luka 17, kabla tu ya habari ya wakoma kuna habari ya mtumwa aliyetoka shamba, anafika tu anatakiwa kumhudumia bwana wake kwanza, na Yesu anasema tukishafanya yote tuliyoagizwa tuseme sisi ni watumwa wasio na faida, tumefanya yaliyotupasa. Utumishi na shukrani vimepangwa jirani kabisa, ukisoma mstari mmoja mmoja huwezi kuliona hilo. Au Wafilipi 4:13, ile ya kuyaweza mambo yote, kila mtu anaishea, rudi mstari mmoja nyuma uone Paulo alikuwa anaongelea kushiba na kuona njaa.

Sauti nayo nzuri, ingawa sio kila tafsiri inayo. Nina shangazi yangu macho yamechoka, nilimwekea herufi kubwa kabisa mpaka mstari mmoja unabeba maneno matatu manne hivi, akasoma kidogo akasema bado anaumia, basi nikamwonyesha kitufe cha kusikiliza. Sasa hivi anasikiliza Injili huku anakunja nguo za nyumba nzima. Huyu shangazi ndo anafagiaga kanisa kabla watu hawajafika, miaka na miaka, hajawahi kuitwa mbele akapigiwa makofi na wala hajawahi kuuliza. Kumwona amekaa na simu yake Neno linamfikia bila kukaza macho, kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuipa nyota tano.

Kuna yale mambo ya kuhesabu umeingia siku ngapi mfululizo, na beji. Wengine inawasaidia kujenga mazoea, sawa, mi sifuatilii, siku nimeuguza mgonjwa usiku kucha sikufungua apu na naamini Mungu aliniona kulekule wodini. Mipango ya kusoma ipo mingi mno, ya siku chache hadi ya mwaka, imeandikwa na watu na huduma tofauti tofauti kwahiyo pima mafundisho kwa Maandiko yenyewe, na ukiona kitu kinakutatiza muulize mchungaji wako. Ukisoma na rafiki mpango mmoja, mnaandikiana mlichokiona kila siku, inanoga zaidi.

Kusikiliza kunakula bando, hilo ujue. Kusoma sio shida kwa sababu baadhi ya tafsiri unadaunilodi mara moja unasoma bila intaneti, sio zote lakini. Kwahiyo kama nyumbani kuna mzee macho yanamsumbua, chukua simu yake leo, mtafutie tafsiri aliyozoea kusikia kanisani, ongeza herufi, mwonyeshe pa kubonyeza asikilize, na mwandikie ombi lake la kwanza kwenye ile orodha akiwa anakutajia yeye mwenyewe.