Mazoezi ya kutembea nyumbani baada ya kiharusi: uzoefu wangu

Kiharusi kilinipooza upande wa kushoto, na nilipotoka hospitali nilisimama kwa kushikiliwa. Niliamua mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) awe ananifuata nyumbani. Huduma hii naipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa mgonjwa ambaye safari tu ya kwenda kliniki inammaliza nguvu.

Siku ya kwanza mtaalamu aliikagua nyumba kabla ya kunikagua mimi. Aliondoa vizulia vinavyoteleza, akaangalia kimo cha kitanda, akauliza usiku napita wapi kwenda chooni. Mazoezi aliyapanga kufuata njia hizo hizo, na hilo kwangu lina uzito kuliko kifaa chochote.

Lililonijenga zaidi ni kuketi na kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Mwili hukimbilia mguu mzima, kwa hiyo alinirudisha ule dhaifu nyuma kidogo ili nao ubebe uzito. Zoezi hili linachosha mno, lakini goti langu lilianza kunitii kwa sababu yake. Vidole vya mguu vilikuwa vinaburura sakafuni. Nikapewa kishikizo cha plastiki cha kifundo cha mguu, na tofauti niliiona mara moja. Fimbo naishika mkono wa kulia, upande mzima. Kwenye ngazi, kupanda natanguliza mguu mzima, kushuka natanguliza dhaifu. Wanaonisaidia nao walifundishwa wasimame upande dhaifu na wasinivute mkono, maana bega lililopooza huumia upesi.

Niliambiwa mara nyingi kwamba bila mashine ya mazoezi ya kutembea nisingetembea. Utafiti wa LEAPS wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulifuatilia wagonjwa 408. Ulilinganisha kutembea kwenye mashine huku mwili umebebwa kwa mikanda, na mazoezi ya nyumbani ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba. Mwaka mmoja baada ya kiharusi makundi hayakutofautiana: kwa jumla asilimia 52 walikuwa wanatembea vizuri zaidi. Lakini mazoezi hayo ya nyumbani yalisimamiwa na mtaalamu. Tusilisahau hilo.

Ndiyo maana karatasi ya michoro niliyoachiwa kwa siku ambazo mtaalamu wangu haji haikuniridhisha. Ilikuwa ya kila mtu, wala haikugusa tatizo langu la goti kujikunja kwa nyuma. Nilimwomba anirekodi video kwa simu nikifanya zoezi lenyewe sawasawa, na hiyo ndiyo niliyoifuata. Pia ratiba ilikwisha wakati bado napata nafuu. Nimeendelea mwenyewe, na hatua zangu zimezidi kuwa ndefu, hata baada ya ile miezi sita ambayo wengi huitaja kama mwisho wa kupona.

Kama unaishi peke yako na bado huwezi kusimama salama, tafuta kwanza mtu wa kuwa nawe wakati wa mazoezi. Na kabla hujalipia, uliza kama atakuja mtaalamu yule yule kila mara, na kama mazoezi yatabadilishwa kadiri unavyopata nguvu.