TAHADHARI: mzee anayeuza nyumba za zamani Ngamiani "alizokarabati kwa mkono wake"

Jamani mlioko Tanga, na nyie mlioko Dar mnaotafuta kanyumba ka nyumbani, someni hii mpaka mwisho halafu mtumie yeyote mnayemjua anayetaka kununua nyumba ya zamani Ngamiani. Naandika vidole vinatetemeka kwa hasira kwa hiyo msinisahihishe herufi.

Nilinunua nyumba kwa huyo mzee ili mama yangu akae. Hela mnajua ilikotoka, sirudii. Na kwa nini mama ilikuwa lazima atoke kule alikokuwa mnajua pia. Bei sitaji hapa, waliokuwepo siku ya kusaini wanaijua na nawaomba wabaki nayo hukohuko. Jina la mzee nalo siandiki maana wakili kanikataza, ila ukisikia mtu mzima anakwambia "nyumba hii sijamuita fundi hata siku moja" ujue umefika kwake, geuka urudi.

Ilikuwa alasiri, Februari, jua la kaskazi linaunguza, tukamkuta barazani kanzu nyeupe pee na kofia ya viua. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, karibu, karibu nyumbani kwako. Yaani kasema nyumbani kwako kabla hata sijauliza bei! Kahawa ikaja, halua ikaja, tukakaa. Mara adhana, akaomba radhi akaenda msikitini akatuachia nyumba wazi na funguo pale juu ya benchi. Sasa niambieni, mtu hakujui, anakuachia mlango wazi anakwenda kuswali, wewe utamdhania nini? Na sisi tumelelewa, hatukuinuka kuchungulia vyumba vya watu mwenyewe hayupo, tukabaki palepale na vikombe vyetu. Nahisi alilijua hilo.

Aliporudi ndo akatutembeza. Nyumba ile ya Kiswahili ya kawaida, ukumbi unapita katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Kila chumba kimefukizwa udi, hata chooni. Mie nikasema moyoni huyu mtu anajua kupokea wageni. Rangi mpya, jipsamu juu nyeupe, sakafu ya chooni marumaru. Kufika uani akanishika mkono akanipeleka kwenye mfereji, yaani bomba la maji, akasema mwanangu mimi sitaki deni la akhera, huu mfereji unavuja na hii marumaru moja imepasuka, hilo nakupunguzia kwenye bei. Akapunguza kweli, laki moja, sijamuomba! Hapo ndo aliponimaliza. Mtu anayekuonyesha mwenyewe kinachovuja utamuuliza nini tena?

Halafu akaanza kujisifu. Mafundi wa siku hizi wezi mwanangu, nyumba hii sijamuita fundi hata siku moja, lipu nimepiga mwenyewe, umeme nimevuta mwenyewe mwaka jana tu, bomba mwenyewe, bati mwenyewe. Akanyoosha viganja vina sugu. Na mie nikavishika. Wallahi nilivishika vile viganja nikasema Mungu akuweke baba.

Msiniulize mbona hukwenda na fundi. Nilikwenda naye, kaka yangu seremala na mnamjua si mtu wa kudanganywa kirahisi. Akagonga ukuta wa chumba cha mbele, akakwaruza na ufunguo, tofali, saafi. Akatazama milango, mninga mtupu, fremu zimenyooka. Umeme hatukuweza kujaribu kwa sababu eti LUKU imeisha leoleo na kijana katumwa tokeni hajarudi. Chumba cha kati kina kabati limeziba ukuta mzima na si kabati la kusogeza. Tukaondoka tumefurahi, tukapitia mkate wa kumimina.

Sasa sikieni. Tumeshanunua, mama akataka chumba cha kati kiongezwe dirisha maana vile vidirisha vya zamani viko juu na ni vidogo, yeye anapenda upepo. Fundi tuliyemuita kachukua nyundo, pigo la kwanza tu nyundo ikazama kama kwenye mkate wa boflo. Akanitazama. Akabandua kipande cha lipu kwa mkono, kwa mkono jamani bila patasi, nyuma yake wavu wa banda la kuku, nyuma ya wavu fito na udongo, na fito zenyewe zimebaki maganda, mchwa wamekula ndani wakaacha nje. Palipokuwa na tundu kubwa, pale palipofichwa na kabati, mzee kajaza chupa tupu za maji, maboksi na mifuko ya saruji, akapiga lipu juu, akapaka rangi. Nikavuta chupa moja baada ya nyingine. Fundi alikaa chini akacheka mpaka nikamchukia.

Kumbe tofali ni chumba cha mbele tu na kile ukuta wa barazani. Kwingine kote udongo. Na sikilizeni, mie sidharau nyumba ya udongo, bibi yangu kazeeka kwenye nyumba ya miti na udongo na ilisimama kwa sababu ilikuwa inakandikwa kila inapopasuka na paa lake limetokeza nje kuzuia mvua. Fundi kanieleza, saruji na udongo havishikani. Ukipiga saruji juu ya udongo unafunga tu, maji yanapenya kwenye ufa, yakishaingia hayakauki, miti inaoza na mchwa wanapata chakula na giza, na nje ukuta unaendelea kupendeza tu. Ningeambiwa ni ya udongo ningenunua kwa bei ya udongo. Yeye kaniuzia udongo kwa bei ya tofali na bado akala halua na mimi.

Umeme sasa. Fundi umeme kaja kafungua soketi ya jikoni, imetolewa kwenye waya wa taa, ule mwembamba wa milimita za mraba 1.5, wakati soketi huwa inavutiwa 2.5, na hapo ndo tulitaka kuweka jiko la umeme. Tundu la erthi, ile ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, lipo kwenye soketi, waya wake haupo, umekatwa ndani ya ukuta haujafika popote, wala nje hakuna fimbo ya erthi iliyochimbiwa. Maungio yamefungwa sotepu, mengine yamezungushiwa mfuko wa plastiki, rambo. Rambo! Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchi nzima Juni 2019, sasa umeme uliovutwa "mwaka jana tu" umeipata wapi? Ndo ujue hata tarehe alidanganya. Na ndani ya ule ukuta wenye maboksi, waya ukichemka kidogo tu tungeamka tumekuwa majivu na mama yangu hawezi kukimbia.

Masika ilipoingia bati likajisema lenyewe. Upande wa barabarani bati jipya la msauzi, upande wa uani ni bati kuukuu la kutu limepakwa rangi ileile, ukisimama chini hutofautishi. Matundu kaziba kwa lami na vipande vya kanga. Ile jipsamu nyeupe ikaanza kufanya ramani, mwisho ikashuka yote, na juu yake tukaona kenchi mbili, zile mbao zinazobeba paa, zimeoza, kaziunga na vipande vya papi, vijimbao vyembamba, na kuzifunga kwa waya wa nondo. Hata msumari hakupoteza.

Nilidhani basi. Hapana. Ile pembe ya uani aliyokuwa kaipanga vyungu vya mrehani na asumini, nilivyovisifia vile vyungu, mpaka nikaomba aniachie na akasema chukua mwanangu, ni shimo la choo cha zamani! Kafunika kwa zege jembamba halina nondo hata moja, kalaza mianzi, na bomba la choo cha marumaru linamwaga humohumo. Tulijua kwa sababu mtoto wa dada yangu alikuwa anachezea pale vyungu vimehamishwa, zege likalia. Alivutwa kwa mkono. Hilo sitaki kuliandika zaidi.

Huyu si wa kuitwa fundi mbaya. Fundi mbaya anakosea, huyu alijua kila alichokifunika. Vyungu alijua aviweke wapi. Kabati alijua liwe wapi. Udi ule ulikuwa wa harufu ya choo na ukuta mbichi, si wa wageni.

Nimempigia. Mara ya kwanza kapokea, akaniambia mwanangu nyumba ni ya zamani, uliiona mwenyewe, mkataba unasema mnunuzi ameikagua na ameridhika. Baadaye simu ikawa haipatikani. Wakili anasema sheria ya mikataba inakuruhusu kuukataa mkataba ulioingia kwa kudanganywa, ila upande wa pili watasema ungeweza kugundua kwa uangalifu wa kawaida. Uangalifu gani huo wa kawaida, niende kununua nyumba ya mtu na nyundo nimtoboe ukuta mbele ya kahawa yake? Picha zote ninazo, chupa zote nimezihifadhi kwenye gunia, ile rambo pia, twende hukohuko mbele.

Na adhabu nayotaka sio jela. Jela atakula bure. Mie nataka arudishe hela yote pamoja na ile laki aliyojidai kupunguza, halafu alazwe chumba cha kati masika nzima na lile tundu la ukuta wazi, apikie kwenye ile soketi, na kila asubuhi asimame juu ya lile zege akunywe kahawa yake. Mjomba anataka tusome Halbadiri, mama kakataa, anasema tusije tukaumia wenyewe, tumuachie Mungu. Mie kwa upande wangu sijamuachia. Viongozi wa mtaa mliosaini pale na kupokea chenu nanyi mjieleze mlishuhudia nini, nyumba mnaijua toka mko watoto mnajua ni ya udongo mkanyamaza.

Mnaouliza inbox utamjuaje: umeme haupo siku ya kuangalia, kila nyumba. Udi au rangi mbichi mpaka chooni. Anakuita jua likiwaka, mvua ikinyesha "anasafiri". Gonga kuta za NYUMA, za mbele zote ni danganyifu, na sogezeni makabati hata kama ni aibu, sogezeni, mwambie baba samahani nataka kuona ukuta. Pandeni ngazi mtazame bati kwa juu, na mwenye jipsamu akubali mfungue kipande kimoja mchungulie kenchi, akikataa ondoka. Uliza karo la choo liko wapi na mfuniko wake ufunguliwe mbele yako. Na akikuonyesha kasoro ndogo mwenyewe bila kuulizwa, hapo ndo macho yafunguke, maana ile ya mfereji ilikuwa ya kunilaza usingizi. Mengine nimesahau, hasira. Mtu mzima kabisa, ana wajukuu, mchana anaswali jamaa usiku anajaza chupa ukutani! Afungiwe asiuze hata banda la kuku.

Nilikuwa sitaki kuandika hii kwa sababu ya aibu, watu kule Dar wananiona mjanja. Ila jana mtu kaniletea habari kwamba mzee ana nyumba nyingine Makorora, imepakwa rangi ya maziwa juzi, na kuna familia kutoka Muheza wameshatoa kianzio na wamebakiza kusaini Jumamosi. Siwajui. Yeyote mwenye ndugu Muheza anayehamia Tanga mwezi huu ampigie leo, sio kesho, amwambie agonge kuta za nyuma na avisogeze vile vyungu. Namba yangu mnayo, mwambieni anipigie hata saa sita usiku nitapokea, picha namtumia zote.